Nilifundisha Ubatizo Nisioukumbuka

Jioni ya kwanza niliyokabidhiwa darasa la wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, nilikuwa padri wa miezi minne. Niliingia na daftari lenye maelezo safi, yamepigiwa mistari kwa rangi mbili, nikaandika ubaoni: Sakramenti ni ishara inayoonekana, iliyowekwa na Kristo, yenye kuleta neema. Nikazitaja zote saba, nikazipanga mafungu matatu: za kumwingiza mtu katika Ukristo, za uponyaji, na za kuhudumia ushirika. Nilipogeuka, watu tisa wazima walikuwa wananakili kwa bidii kama watoto wa shule, isipokuwa mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, aliyekuwa amekunja mikono. Akanyoosha kidole.

"Padre, wewe ulipobatizwa ulijisikiaje?"

Nilibatizwa nikiwa na wiki tatu. Ninachokijua ni cha kuambiwa: kwamba nililia, kwamba msimamizi wangu alichelewa. Nilimjibu yule mzee kwa maneno mengi juu ya imani ya wazazi na ya Kanisa inayombeba mtoto mchanga, na yote yalikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza kijana akieleza namna ya kuunga nyaya ambazo hajawahi kuzishika.

Swali lile sijalimaliza hadi leo. Padri aliyekulia kanisani anawafundisha watu wazima jambo ambalo wao wataliingia macho makavu, akili timamu, wakijua wanaacha nini. Yeye alilipokea usingizini. Kwa upande huo wao wanajua kitu ambacho mimi sitakijua kamwe, na nilichukua muda mrefu mno kukubali hilo.

Mtakatifu Augustino ana maneno mafupi juu ya sakramenti ambayo kila mseminari huyakariri: neno linapokifikia kitu, ndipo inapokuwa sakramenti. Kitu ni maji, mkate, divai, mafuta. Mimi nilikuwa nimeleta neno, kitu nimekiacha kanisani. Kwa hiyo wiki iliyofuata niliwatoa darasani nikawaingiza kanisani, hakuna mtu, taa moja tu inawaka, nikafungua kasha la mafuta matakatifu. Vyombo vitatu: mafuta ya wakatekumeni, mafuta ya wagonjwa, na Krisma. Niliwaeleza kwamba askofu huviandaa vyote katika Misa ya Krisma siku za Juma Kuu, kwamba mafuta yale mawili huyabariki, lakini Krisma huiweka wakfu, na kabla ya sala huipulizia pumzi. Kisha nikawapa wanuse.

Mafuta yale mawili hayana la kusimulia, ni mafuta tu. Krisma imechanganywa na manukato, na mtu akiinusa mara ya kwanza uso hubadilika. Mama mmoja alikaa nayo muda mrefu puani, akauliza, "Inakaa muda gani?"

Nikapata nafasi yangu. Nikaanza kueleza juu ya alama isiyofutika, kwamba Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu humtia mtu mhuri wa kudumu na kwa sababu hiyo havirudiwi, kwamba hata mtu akiikana imani mhuri unabaki...

"Hapana, Padre," akasema. "Nauliza harufu."

Sikujua. Hakuna profesa aliyewahi kunifundisha harufu ya Krisma hukaa muda gani kwenye ngozi.

Tangu hapo nimekuwa nikianza na vitu. Nawapeleka kwenye kisima cha Ubatizo wakichungulie na kutia mikono. Nawaonyesha mshumaa wa Pasaka, zile chembe tano za ubani, na tarakimu za mwaka zilizochorwa juu yake. Maelezo yanafuata, tena yanafuata kwa urahisi, kwa sababu mtu akishashika kitu huuliza mwenyewe. Wenzangu wengine huniambia naharibu mshangao wa Mkesha wa Pasaka, usiku wanapobatizwa. Pengine. Lakini nimeona watu wakifika usiku ule na hofu ya kukosea mbele za watu, na mwenye hofu ya kukosea hasikii kitu.

Kuna mambo ambayo lazima yasemwe kwa maneno, na mengine ni ya kisheria kabisa. Mtu aliyebatizwa kihalali katika kanisa lingine, kwa maji na kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena. Anakiri imani, anapokelewa, anapewa Kipaimara na Ekaristi. Kijana mmoja alinisihi nimbatize upya kwa sababu ule wa kwanza, alisema, hakuuchukulia uzito. Nilimwambia Mungu aliuchukulia. Jibu hilo lilimuudhi kwa wiki mbili. Halafu kuna uzito wa maneno yenyewe. Mwaka 2020 Roma ilitoa tamko kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "Sisi tunakubatiza" haukuwa ubatizo, kwa maana anayebatiza ni Kristo, si kundi la watu waliokusanyika. Kwa hiyo kila anayekuja namwomba cheti, na nikiwa na shaka nauliza na maneno yaliyotumika. Watu wazima hawachukii ukali wa namna hiyo, nimegundua. Mtu aliyewahi kusaini mkataba anajua neno moja linaweza kubeba nyumba nzima.

Jambo linalowashangaza zaidi Wakatoliki wa siku zote ni kwamba mtu mzima anayebatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka hupokea zote tatu usiku huohuo: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi. Na Kipaimara anampa padri yuleyule aliyembatiza, maana sheria ya Kanisa inampa uwezo huo. Wasimamizi wao, ambao walisubiri askofu kwa miaka, huwa na kijiwivu fulani. Nawaelewa.

Sasa nieleze jambo la mazoezi ya Komunyo, kwa sababu pale ndipo niliposahihishwa na mwanafunzi wangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne na darasa, Jumamosi ya mwisho kabla ya Juma Kuu. Nilichukua hostia, ile mikate myembamba ya Komunyo, ambazo hazijawekwa wakfu, nikawapanga mstari ili wazoee: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini yake tayari kuichukua, au ulimi kwa anayependa hivyo, unaila palepale, huondoki nayo. Niliwakumbusha na saa moja ya kufunga kabla ya kupokea, na kwamba maji na dawa havivunji mfungo. Kisha nikapita mbele ya kila mmoja nikiinua ile hostia na kusema, "Mwili wa Kristo." Wakaitikia, "Amina." Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa muuguzi, mwanamke mtulivu ambaye miezi yote ile hakuuliza zaidi ya maswali mawili. Nikasema, "Mwili wa Kristo." Kimya. Nikadhani amesahau, nikarudia kwa sauti ya kumsaidia. Akaninong'oneza ili wengine wasisikie:

"Lakini si wenyewe, Padre."

Mkono wangu ulibaki hewani. Miezi kumi nimewafundisha kwamba Amina ile si adabu, ni kuweka sahihi. Kwamba baada ya mageuzo mkate haubaki mkate ingawa umbo, rangi na ladha vinabaki. Kwamba hapo ndipo watu walipomwacha Yesu katika sura ya sita ya Yohane, naye hakuwaita warudi ili alainishe maneno. Nao waliniamini. Kisha nasimama mbele yao nikiutumia msemo uleule kama maneno ya mchezo wa kuigiza. Niliishusha mikono, nikawaambia wote kwamba mwenzao ana haki na mimi nimekosa. Siku hizi kwenye mazoezi natoa hostia kimyakimya, na Amina yao ya kwanza naitunza mpaka usiku wenyewe. Yule muuguzi aliposema ya kwake kwenye Mkesha, nami nilisikia kama ndiyo kwanza naulizwa.

Kitubio ndiyo sakramenti inayowanyima usingizi. Wengi wao walijitokeza wakidhani watalazimika kuungama maisha yote kabla ya kubatizwa. Bwana mmoja wa makamo alinijia ofisini na daftari la kurasa mia, limejaa pande zote mbili, mwandiko wa kubana. Alikuwa ameyapanga kwa miaka. Akaliweka mezani, akalisogeza upande wangu. Nikalirudisha bila kulifungua. Nikamweleza kwamba asiyebatizwa haungami. Ubatizo unaondoa dhambi zote, ya asili na zake mwenyewe, pamoja na adhabu zake zote, na kinachotakiwa kwake ni majuto na imani.

Nilitegemea afurahi. Akakasirika.

"Nimebeba mzigo huu miaka thelathini, Padre. Unaniambia niutue bila hata mtu kuutazama?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilikuwa nimezoea kuitangaza neema kama habari njema isiyo na kasoro, na hapa palikuwa na mtu anayeona kwamba msamaha usiomsikiliza unamdharau. Tulikaa muda. Mwishowe nilimwambia ukweli mtupu: kwamba kama anataka kuzungumza nami kama mtu na mtu, nitamsikiliza hata usiku kucha, lakini hayo hayatakuwa maungamo na sitajifanya kuwa ni maungamo. Akafikiri. Akachukua daftari lake akaondoka. Tulizungumza mara tatu baada ya hapo, naye alinisomea alichotaka. Alilipeleka wapi daftari lenyewe sijui, wala sikuuliza.

Kwa waliobatizwa kwingine mambo ni tofauti. Hao wanaungama kabla ya kupokelewa, na hofu yao ni ya aina moja: je, Padre tukikutana njiani kesho atanikumbuka? Naeleza siri ya maungamo, kwamba padri anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na kwamba hatumii alichosikia hata kwa kumkwepa mtu au kumpendelea. Wanatikisa kichwa. Maelezo hayo hayajawahi kumtuliza mtu yeyote. Kinachowatuliza ni kuniona mimi nikipanga foleni. Mwaka mmoja darasa lilinikuta kwa bahati nimepiga magoti kwa padri mgeni, nje ya sakristia, na swali lile halikuulizwa tena mwaka mzima.

Nafika sasa kwenye Ndoa, na hapa sina kichekesho.

Mama mmoja alihudhuria darasa miezi tisa bila kukosa. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, alijua Kanuni ya Imani kwa moyo kabla sijawakabidhi. Wiki chache kabla ya Kwaresima nilikaa naye kujaza fomu, na kwenye mstari wa ndoa ikajulikana kwamba mume wake alikuwa ameoa kabla, wakaachana mahakamani, na mke wa kwanza yuko hai. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mkatoliki. Watu hudhani hilo linarahisisha. Halirahisishi: Kanisa linaihesabu ndoa kuwa halali, hata ya wasio Wakatoliki, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kazi hiyo ni ya mahakama ya Kanisa, si ya padri mwenye huruma na kalamu. Ilibidi nimwambie kwamba Pasaka hiyo haitawezekana.

Aliweka kalamu chini taratibu. Akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza, Padre. Ningekuja hivyohivyo. Lakini ningekuja nikijua."

Kosa lilikuwa langu, la uvivu wa haya. Kuuliza habari za ndoa siku ya kwanza niliona ni kama kumpokea mgeni mlangoni kwa kumtaka vitambulisho. Sasa nauliza mwanzoni kabisa, faraghani, mlango umefungwa, na namweleza kila mtu kwa nini nauliza. Wapo waliosimama wakaondoka. Wapo waliolia kwa nafuu, kwa sababu walikuja wakiwa na jambo hilohilo rohoni na hawakujua pa kulianzia.

Mama yule hakuondoka. Shauri lilipelekwa, mashahidi wakatafutwa, barua zikaenda zikarudi. Kila Dominika baada ya mahubiri, wakatekumeni wanapoagwa watoke pamoja na katekista wao kulitafakari Neno, alisimama akatoka nao. Mwaka wa kwanza, wa pili. Wapya walimdhani ni mwalimu msaidizi. Nami kule altareni, nikishika mkate, nilikuwa nauona mlango alioutokea. Nilikuwa nimesoma vitabu vizito juu ya njaa ya Ekaristi. Hakuna kilichonifikia kama ule mgongo wake ukitoka nje. Nilimbatiza Mkesha wa tatu. Sikuweza kumaliza maneno kwa sauti moja.

Miaka ya mwanzo nilikuwa na kasoro nyingine ambayo niliiona kwa kuhesabu viti. Pasaka ikipita, darasa lilikwisha. Tunapiga picha, nawapa rozari, mimi najitupa kitandani siku mbili. Ikifika Pentekoste nawatafuta kwa macho kanisani. Kati ya kumi na mmoja wa mwaka mmoja niliwaona wanne. Nikalaumu wasimamizi, nikalaumu jumuiya, nikalaumu ulimwengu wa leo, ambao hauna wa kuutetea kwa hiyo hulaumika kirahisi.

Kumbe kitabu chenyewe cha ibada kilikuwa kinanisuta kutoka rafuni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua, na Utaratibu mpya ukatolewa mwaka 1972. Hatua yake ya mwisho ni mistagojia, yaani kipindi cha Pasaka kizima cha kuwapitisha wabatizwa wapya katika mafumbo waliyoyapokea. Mimi nilikuwa naiona kama pambo. Wa kale waliiona kama darasa lenyewe. Sirili wa Yerusalemu, katika karne ya nne, aliwafundisha wateule, yaani wakatekumeni waliokubaliwa kubatizwa, Kanuni ya Imani wakati wa Kwaresima. Maelezo ya sakramenti yanayobeba jina lake yalitolewa baada ya Pasaka, kwa watu ambao walikwisha kushuka majini na kupanda, na sababu inatajwa waziwazi: kuona kunamshawishi mtu kuliko kusikia. Ambrosi kule Milano alifanya vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimegeuza: kabla ya Pasaka nimesema kila kitu, baada yake sina neno.

Mwaka huohuo nilisoma kile kitabu kidogo ambacho Augustino, yapata mwaka 400, alimwandikia shemasi wa Karthago aliyelalamika kwamba akifundisha wanaoanza anajichosha hata yeye mwenyewe. Nilikuwa nimefika hapohapo. Maneno yangu yalikuwa yanajisema. Augustino hamkemei, anamwambia shida kubwa ni namna ya mwalimu kufundisha kwa furaha, na kwamba tukimtembeza mgeni mahali pazuri tulipopazoea, uzuri ule hutujia upya kwa sababu ni mpya kwake.

Basi nikapunguza masomo ya kabla, nikaongeza mikutano saba ya baada. Haikuwa muujiza. Wengine bado hupotea, na mmoja aliniambia bila kificho kwamba alichotaka ni kuoa kanisani na ameshaoa. Lakini sasa mikutano hiyo siiongozi kwa daftari. Nauliza tu: mliona nini, mlisikia nini, mlinusa nini?

Yule fundi umeme hakubatizwa mwaka ule wa kwanza. Aliacha kuja wiki ya sita, hakuaga. Nilidhani ni kwa sababu ya jibu langu. Alirudi miaka saba baadaye, amepungua mwili, akakaa kiti kilekile, akasema, "Sasa," na hakueleza zaidi. Alimaliza mwaka mzima. Usiku wa Mkesha, gizani, alipouwasha mshumaa wake kutoka kwa wa jirani, niliona anaukinga na upepo kwa kiganja kama mtu aliyeshughulika na moto maisha yake yote.

Jumatano baada ya Pasaka tulikaa duara, wako sita. Nikauliza maswali yangu. Kimya kirefu. Kisha nikamgeukia.

"Mzee, uliwahi kuniuliza swali. Leo nakuuliza wewe. Ulijisikiaje?"

"Maji yalikuwa ya baridi," akasema. "Hilo hukutuambia."

Wakacheka wote. Akaendelea kwamba kufikia mara ya tatu ya kumwagiwa alikuwa amesahau kila nilichowafundisha, hata jina la msimamizi wake. Halafu akaweka kidole kwenye paji la uso, pale nilipompaka Krisma, akaunusa.

"Siku ya nne leo, bado ipo kidogo. Nanawa mashavu tu, hapa nimepaacha. Mke wangu anauliza mpaka lini."